Redio ya mbao ya marehemu babu, ya valvu: nianzie wapi?

KijanaWaMkunazini

Assalam aleykum jamani. Nina suala na naomba mnisaidie kwa sababu nimeshaulizia mitaani na nnazidi kuchanganyikiwa.

Hapa nyumbani ipo redio ya marehemu babu, Allah amrehemu, Philips ile ya kizamani ya sanduku la mbao, ndani valvu, yaani zile chupa za kioo zinazowaka, sio transista. Toka sijaanza skuli naiona juu ya kabati chumbani kwa bibi imefunikwa kitambaa, wala siku moja sijaisikia ikilia. Wiki iliopita tulikuwa tunapaka chokaa ndo nikaishusha, nzito wallahi, nikafungua mgongo nikakuta vumbi, mayai ya mjusi na valvu sita. Nimezinakili namba: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80 na ile ya jicho la kijani EM80. Nyuma kuna kiduara cha kugeuza kimeandikwa volti, 110 mpaka 245, na kuna matundu ya erial, ya ardhi, na mengine mawili yana alama ya sahani ya santuri.

Sasa hali yake. Waya wa umeme umeoza, ukiushika mpira wake unamung'unyika kama biskuti. Ubavu wa kulia mbao imebunguliwa, vitundu vidogo vidogo kama vya sindano na ukiigonga unadondoka unga. Ile mbao nyembamba ya juu imeinuka pembeni. Na juu kabisa pana doa la duara, kubwa kama kisahani cha chai, jeupejeupe, baya, ndo kitu cha kwanza mtu anakiona.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini akaniambia hizi hazitengenezeki tena, valvu hazipo duniani, bora atoe vya ndani vyote atie ampilifaya ya bluetooth na spika mpya kwa shilingi 80,000. Nikamwambia ntarudi, lakini moyo umekataa. Bibi ana miaka 84 sasa na kila nikiifuta vumbi ananihadithia babu alivyokuwa akiitoa barazani baada ya Isha. Nataka aisikie tena hiihii, sio sauti ya simu iliyotiwa ndani ya sanduku.

Waya mpya nshanunua. Je niufunge niichomeke kwanza nione kama inawaka, halafu ndo nijue pa kuanzia? Mie nimesoma umeme wa majumba kidogo, kushika lehemu naweza na mita ninayo.

FundiMwanakwerekwe

Waaleykum salaam kijana. Usichomeke. Nakuomba kabisa, hata kwa dakika moja, hata kwa "nione tu". Redio nyingi za valvu hazikufa kwa uzee, zimekufa siku mjukuu alipozichomeka.

Ntakueleza kwa nini, ukishaelewa hutahitaji kuambiwa mara ya pili. Valvu zenyewe zinakaa, kioo hakiozi, mie nimewahi kutia valvu iliyokaa miaka 50 dukani ikafanya kazi siku hiyohiyo. Kinachooza ni kapasita, vile vijisehemu vinavyoweka umeme kwa muda. Kwenye Philips za wakati ule utaona chini ya chesisi, lile bati la ndani lililobeba valvu, vijiti vyeusi vimepakwa kama lami, hizo ndani yake ni karatasi, na karatasi na hewa yetu hii ya chumvi hawapatani. Zikishanyonya unyevu zinavujisha umeme. Sasa ipo moja baina ya EBC81 na EL84, valvu inayosukuma spika, kazi yake ni kupitisha sauti tu na kuzuia volti kubwa isivuke. Ikivuja, volti inafika kwenye gridi ya EL84, yaani mguu wake wa kupokelea sauti, valvu inavuta umeme kupita kiasi, inakuwa nyekundu, na ikikaa hivo inaondoka na EZ80, ile inayogeuza umeme uwe DC, na mara nyengine transfoma yenyewe. EL84 utapata, bado zinatengenezwa mpaka leo kwa sababu wapiga gitaa wanazitaka. Transfoma ya redio hiyo utaipata wapi?

Kwa hivyo utaratibu ni huu. Kwanza, valvu zako zote zinaanzia na E, maana yake uzi wake wa ndani unaowaka ni wa volti 6.3 na redio ina transfoma yake. Hio ni bahati njema. Zingekuwa zinaanzia na U, UCH81, UCL82 na wenzake, hizo hazina transfoma, chuma chote cha ndani kinaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja na zimeshapiga mafundi wazima wanaojua kazi yao. Yako sio hizo lakini usije ukasahau tafauti hio ukipata nyengine.

Toa chesisi nje ya sanduku. Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu, piga nyingi. Vumbi ondoa kwa burashi laini ya rangi, usitumie maji. Valvu toa moja moja kwa kuitikisa taratibu, usiivute kwa ile ncha ya kioo ya juu, na namba usizisugue, zinafutika hata kwa kidole.

Halafu badilisha zile nyeusi zote, weka za plastiki za volti 630, thamani ileile iliyoandikwa, ukikosa thamani halisi ile ya karibu yake inatosha. Ya baina ya EBC81 na EL84 anza nayo. Kisha lile kopo la chujio, kapasita mbili ndani ya moja, hilo ndo linaloleta mvumo likichoka. Liache hapohapo juu kwa ajili ya sura, likate waya, na chini ufunge mbili mpya za maikrofaradi 47 volti 450. Usione kwamba ukitia kubwa zaidi itakuwa bora. EZ80 mwisho wake ni maikro 50, ukiipa 100 unaiua kila ukiwasha. Vikopo vyeupe vya mraba vya alumini vyenye tundu juu, skrubu zake usizizungushe kabisa, humo ndimo redio ilimopimwa kiwandani, na kapasita za kauri na za mika ziache zilivyo.

Ukimaliza bado usichomeke! Tafuta globu ya uzi ya wati 60, ya uzi, sio LED, wanaofuga vifaranga bado wanazo. Ifunge kwenye njia ya waya mmoja wa umeme kabla ya redio. Toa EZ80, washa. Globu itang'aa kidogo halafu ififie, na valvu zilobaki utaona uzi unawaka rangi ya chungwa. Globu ikibaki inang'aa kwa nguvu basi zima, transfoma ina tatizo na umeokoa nyumba. Ikiwa salama, zima, rudisha EZ80, washa tena, weka mita pini namba 2 ya EL84 ukilinganisha na chesisi. Pawe sufuri. Ukiona volti moja mbili za chanya pale, kitu bado kinavuja. Pini ya 3 iwe kwenye volti 7 hivi, chini kidogo ukiwa kwenye globu.

Na kile kiduara cha volti nyuma kiweke 245. Umeme wetu 230 lakini unapanda unashuka, bora valvu zipate kidogo pungufu zikae.

Humo ndani pana volti 250 za DC na zinabaki hata ukishachomoa. Pima kwa mita kabla hujaingiza mkono, kila mara. Mkono mmoja kazini, mwengine mgongoni, na ndara za mpira miguuni.

Mpenda_Redio

Fundi heshima yako, lakini mie niseme upande wa pili. Redio hio kwa kadiri ninavojua haina FM, na stesheni zote tunazosikiliza hapa Unguja sasa ni FM. Akihangaika miezi miwili akaiwasha, bibi atasikia nini? Mikwaruzo. Mie yangu niliitia bluetooth na mama anasikiliza Qur'an na taarab kila siku, anafurahi, sijaona kosa. Redio inayolia ni bora kuliko redio kamili iliyonyamaza.

FundiMwanakwerekwe

Mpenda_Redio sikulaumu, na mama yako kama anasikiliza Qur'an umefanya la kheri. Ila kijana yeye hana haja ya kuitoa roho redio ili apate hayo, na jibu amelitaja mwenyewe kwenye suala lake bila kujua. Yale matundu mawili yenye alama ya sahani ya santuri.

Wakati ule mtu akinunua gramafoni ya umeme alikuwa anaichomeka hapo, na sauti inapita kwenye EBC81, EL84, transfoma ya spika na spika ileile. Simu inaweza kuingia hapohapo. Chukua waya wa earphone, kushoto na kulia kila mmoja mpe rezista ya kilo-omu 1, halafu ziunganishe pamoja ziende tundu moja, ardhi yake tundu la pili. Swichi ya mawimbi izungushe mpaka kwenye alama ya santuri. Hukati kitu, hutoboi kitu, ukichomoa redio inarudi kama alivyoiacha babu yake. Hili ni kwa redio yenye transfoma tu, ya U usithubutu, utapitisha umeme mpaka kwenye simu na kwenye sikio.

Na masafa mafupi hayajafa. Usiku funga waya wa mita 10 kutoka dirishani mpaka kwenye mnazi, zima chaja na taa za LED za chumba hicho maana hizo ndizo zinazoleta mikwaruzo mingi kuliko kitu chochote, utapata stesheni za mbali mpaka ushangae. Wakati wa masika mawingu yakianza kunguruma uchomoe waya huo.

BintiMalindi

Nimesoma hapa mpaka machozi yamenilenga. Nyumbani kwetu Malindi tulikuwa nayo kama hiyo, ya baba, na mie ndo niliyeiharibu kwa hivo sikiliza mwanangu usije ukafanya nilofanya.

Kile kioo cha mbele chenye majina ya miji na namba, kina sura mbili. Mbele kioo kitupu, nyuma ndo pana maandishi, ni rangi tu imepakwa juu ya kioo. Mie baada ya baba kufariki nikasema niisafishe vizuri kwa heshima yake, nikachukua pamba na spiriti nikapitisha kwa nyuma. Mpito mmoja tu. Pamba ikatoka na dhahabu, nikatizama kioo, pale palipokuwa pameandikwa Cairo hapana kitu, na pembeni yake nusu ya jina jengine. Nilikaa chini ukumbini. Baba alikuwa hawezi kusoma Kizungu lakini neno lile alilijua kwa umbo lake, na sindano alikuwa anaipeleka pale bila miwani. Kwa hivyo mbele futa utakavyo, nyuma usiguse hata kwa kitambaa kikavu, ukiona vumbi puliza kwa mdomo.

Bibi yako akisema barazani baada ya Isha anasema kweli. Sauti ya Unguja ilianza 1951 na redio zilikuwa za kuhesabu mtaani, mwenye nayo anaiweka dirishani na watu wanakuja kukaa, wanaume barazani na sisi watoto chini ya dirisha. Cairo walianza kutangaza Kiswahili 1954, London 1957. Na Alkhamis ya mwanzo ya mwezi wazee walikuwa wanamsubiri Umm Kulthum moja kwa moja kutoka Misri, nyimbo moja saa nzima na zaidi, hawajui nusu ya maneno lakini mtu hakohoi. Baada ya 64 ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na masafa mafupi yalikuwa yakitoka Dole, mita 25, kilohezi 11735. Kwenye kioo chako angalia palipo 25 utaona kama palichakaa kwa kuzungushwa.

Ah, na kabla hujafungua kitu muulize bibi sindano ilikuwa imesimama wapi. Piga picha. Ukiuondoa ule uzi wa sindano hutajua tena babu yako aliiacha wapi mara ya mwisho.

seremala_Wete

Mie ni seremala Pemba huku, umeme siujui ila mbao naijua, na redio mbili za wazee nimezitengeneza masanduku.

Kwanza usipige msasa. Najua mkono unawasha. Sanduku la Philips sio mbao nzima, ni plaiwudi na juu yake ganda la mbao nyembamba, vinia, haifiki hata milimita moja. Ukipiga msasa mara mbili tatu umeshatokea upande wa pili na hapo hapana dawa. Sisi tumezoea msaji na mninga, unapiga randa unapata rangi mpya, huku hakuna mbao ya kupiga randa.

Palipoinuka pana gundi ya zamani imelegea kwa unyevu. Chukua bomba la sindano la hospitali, tia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, ipenyeze ndani, futa inayotoka hapohapo kwa kitambaa chenye maji, weka karatasi ya nailoni juu, kisha ubao uliosawazishwa, kisha uzito. Mie natumia jiwe la kusagia la mama. Liache mpaka kesho yake jioni, usichungulie.

Wabunguaji. Hawa ndo wabaya khasa. Kama unga unadondoka basi wapo hai, na kupaka vanishi juu ni kuwafungia mlango tu, wataendelea kula. Watu wanapaka mafuta ya taa, mie siyapendi, yanaacha harufu na yanaharibu vanishi. Nilojifunza ni friza. Chesisi na spika zikishatoka, lifunge sanduku tupu kwenye nailoni nzito, toa hewa unavyoweza, gundi ya karatasi kila upande, litie kwenye friza ya samaki iliyofika nyuzi 18 chini ya sufuri, wiki mbili kamili. Mdudu na mayai yake yanakufa. Sasa hapa sikiliza: ukilitoa usifungue nailoni. Liache siku nzima lizoee joto likiwa limefungwa, kwa sababu ukifungua lingali baridi, hewa yetu itatoa maji juu ya mbao na vinia yote itainuka. Baada ya hapo ziba vitundu kwa nta iliyotiwa rangi.

Doa la juu umesema jeupe. Jeupe ni unyevu umeingia kwenye vanishi tu haujafika kwenye mbao, lingekuwa jeusi ndo limefika. Jeupe linatoka. Kitambaa laini, tone la spiriti, pitisha kama unapiga pasi bila kusimama, taratibu. Ukitaka nikusaidie ntakuja Unguja mwezi ujao kwa boti, niandikie.

Kitambaa cha spika kama kimeoza, usitie kanga. Nimeona watu wanatia kanga inapendeza lakini imesokotwa kwa kubana, inaziba sauti. Tafuta kitambaa chenye macho, ukikiweka mdomoni upulize hewa ipite.

KijanaWaMkunazini

Jamani Mungu awalipe. Nimechukua muda kujibu kwa sababu nilisema sirudi mpaka niwe na la kusema.

Sanduku limelala friza wiki mbili kwa rafiki yangu anaefanya biashara ya samaki, alinicheka siku ya mwanzo halafu akawa yeye ndo anaenihesabia siku. Unga haudondoki tena. Vinia nimeibandika kama alivyosema seremala.

Kapasita nyeusi zilikuwa kumi na moja. Hapa madukani niliambulia nne, zilobaki nimeagiza kutoka Kariakoo Dar zikaja na boti. Ile ya EL84 nilipoikata niliipima tu kwa kutaka kujua, mita ikaonesha inapitisha, wallahi mkono ulinitetemeka nikikumbuka kwamba waya mpya nilishautoa kwenye karatasi yake siku ile ninaandika suala. Lami yake ilikuwa imepasuka na ukiinusa inanuka kama paa la bati juani.

Globu ikafifia kama fundi alivyosema. Bila EZ80 uzi wa valvu ukawaka, nikazima taa ya chumba nizione, moja tu ndo ilikuwa hafifu kuliko wenzake. Nikaitia EZ80. Pini ya 2 sufuri. Pini ya 3 volti 5 na nusu na globu. Nikasikia kitu kwenye spika, "hhhhh" hivi, halafu basi. Voliyumu nikizungusha inakwaruza vibaya na stesheni hamna hata moja. Mita 25 hamna, mita 31 hamna. Kwa santuri na simu inalia, kidogo lakini inalia! Jicho la kijani limewaka ila lipo kama mwezi nyuma ya wingu.

Nimekosea wapi?

FundiMwanakwerekwe

Hujakosea popote, umefanya kazi ya kiume. Inalia kwa santuri maana yake nusu ya nyuma nzima, EBC81, EL84 na spika. Tatizo lipo mbele. Voliyumu ni uchafu, tia spirei ya kusafishia ndani yake kwenye kitundu halafu izungushe mara ishirini. Spirei hiyohiyo itie kwenye swichi ya mawimbi, tone dogo kwenye kila mguso, isimwagike kwenye bakelaiti. Halafu chukua ECH81, ile valvu ya mbele inayoshika stesheni, ichomoe na uirudishe mara tano sita, miguu yake imeshika kutu. Mara nyingi ni hapo tu. Ikikataa, ondoa globu sasa maana umeshapima ni salama, ECH81 ikipata volti pungufu sehemu yake moja inagoma kufanya kazi na redio inakuwa bubu kwenye masafa mafupi wakati kwengine kote iko sawa.

Jicho halitengenezeki, limezeeka. Lifurahie lilivyo, au uagize EM80 nyengine.

seremala_Wete

Na doa umelitoa?

KijanaWaMkunazini

Ilikuwa ECH81! Nilipoichomoa mara ya tatu na kuirudisha ilipiga kelele ya ghafla mpaka nikaruka, kisha ikaanza kusikika sauti ya mtu anaongea Kiarabu kwa mbali, inakuja inaondoka kama mtu anaeongea akipunga upepo. Waya wa erial nimeupeleka kwenye mnazi wa jirani, amekubali kwa sharti aje kusikiliza.

Jana baada ya Isha niliitoa barazani. Sikumwambia kitu bibi, nikamuwekea kiti tu. Nilianza kwa simu kupitia santuri, taarab ya zamani ya ganuni na fidla, nikasubiri zile nusu dakika valvu zinapata moto, na sauti ikapanda taratibu yenyewe kama inavopanda. Sauti yake, jamani, sijui niieleze vipi. Spika za siku hizi zinakurushia sauti usoni. Hii ilikuwa inatoka ndani ya mbao, nzito, ya joto, ukiweka kiganja juu ya sanduku unaisikia kwenye mkono.

Bibi hakusema kitu muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono akaupapasa ule upande wa juu mpaka akafika kwenye doa, akaliwekea kidole. Akaniuliza, "Hujalifuta hili?" Nikamwambia bado bibi, spiriti ipo ndani, seremala kanielekeza, kesho. Akasema usilifute. Akanihadithia kwamba kila jioni alikuwa anachuma asumini, anazitia kwenye kisahani na maji kidogo anaziweka hapo juu ya redio, kwa sababu redio ikipata moto asumini zinanukia mpaka barazani, na babu alikuwa anasema anajua saa ngapi kwa harufu kabla ya kusikia taarifa ya habari.

Kwa hivyo seremala, shukran sana, vinia imeshika, vitundu nimeziba kwa nta. Doa limebaki. Nnalouliza sasa ni kama kisahani chenye maji juu ya vinia kila siku kitaiinua tena, kwa sababu leo asubuhi keshanituma kwa jirani kuomba kitawi cha muasumini, na nadhani nitafute kipande cha kioo au marumaru cha kuweka chini yake, ila kisizibe joto.

seremala_Wete

Kioo. Chembamba, kilichokatwa duara sawa na doa, na vipande vitatu vidogo vya ngozi chini yake hewa ipite. Joto litapita. Nikija na boti nitakukatia mwenyewe.